Sponji Asitazame

Siku tawi la Zambarau lilipoitisha kikao kumjadili Sponji, mkewe mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Si kwamba hampendi. Mama Pacha alimpenda mumewe kupita kiasi, lakini timu ya Zambarau alianza kuipenda tangu usichana wake, kabla hajajua kwamba duniani kuna mwanamume mrefu mwenye upara anayeshona makochi. Basi akanyoosha mkono huku akitazama ukutani, na wengine wote wakanyoosha. Hoja ikapita. Sponji akapigwa marufuku kutazama mechi yoyote ya Zambarau mpaka msimu uishe.

Kosa lake nini? Nuksi. Mwalimu, mzee mstaafu wa hesabu ambaye ndiye katibu wa tawi, alisimama akaeleza bila kupepesa macho. Mechi ya kwanza ya msimu, Zambarau inaongoza, Sponji anafungua mlango, bao linarudi. Mechi iliyofuata Sponji kachelewa kazini, timu imeshinda kwa raha zake. Iliyofuata tena kawahi, kakaa, na kabla hata hajajinyoosha vizuri kwenye kiti, wameshafungwa.

"Mimi simlaumu mtu," Mwalimu alisema. "Nasema tu, hesabu ni hesabu."

Sasa wewe utaniuliza, watu wazima na akili zao wanaaminije jambo kama hilo? Wanaamini, tena sana, na ukitaka kuwaona ingia kwenye tawi lolote la mpira timu yao ikiwa imezidiwa. Yuko asiyefua soksi msimu mzima. Yuko anayesimama upande mmoja tu wa mlango, na ukimsogeza mtagombana. Breki, dereva wa lori mwenye mwili wa watu wawili, hunywa chai baridi kila mechi kwa sababu siku moja aliisahau ikapoa na timu ikashinda. Kwa watu wa aina hiyo, nuksi ya Sponji haikuwa uzushi. Ilikuwa habari iliyothibitishwa.

Na kinachouma ni hiki: Sponji naye aliamini. Alisimama pale kikaoni, akasema, "Kama kukaa kwangu nje ndiko kutakakotuletea kombe, nitakaa nje. Ila likija, mniite upesi." Kisha akatoka na kufunga mlango polepole, kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala.

Hakwenda mbali. Karakana yake na chumba cha tawi vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, na kila kiti cha mle ndani kilikuwa kimetoka mikononi mwake. Alianza na kochi moja ambalo mteja alilikataa rangi. Akaongeza la pili kwa masalio ya kitambaa, kisha la tatu, hadi watu wakaacha kukalia ndoo na makreti. Yote aliyavalisha zambarau. Kochi la Mwenyekiti alilitia springi za ziada kwa ajili ya mgongo wake. Kiti cha Breki alikipigilia mbao ngumu, maana Breki akishangilia hupanda juu ya chochote kilicho karibu. Kiti chake mwenyewe alikiweka safu ya pili, katikati, jirani na ngoma ya mkewe. Kombe lenyewe lilikuwa limewapita miaka nenda rudi, na Sponji alikuwa na hamu moja tu moyoni: siku likija, awe amekaa pale, watu wake wamemzunguka, waruke wote kwa pamoja. Hakuwa akiota gari wala ghorofa. Ni hilo tu.

Basi ikawa mechi ikianza, wenzake wanaingia chumbani na yeye anaingia karakana. Redio marufuku. Simu anaiacha kwa jirani. Mwalimu akaongeza kwamba kusikia nako ni aina ya kutazama, kwa hiyo Mama Pacha akamkatia mumewe vipande viwili vya sponji, akamziba masikio kwa mkono wake mwenyewe, akambusu kwenye upara na kwenda kupiga ngoma.

Lakini fundi humfichi kazi yake. Sponji aligundua kwamba akiweka kiganja ukutani anaijua mechi nzima. Zambarau ikikosa bao la wazi, makochi yote yanaguna kwa pamoja, watu wanapojitupa nyuma. Ikishambuliwa, springi za Mwenyekiti zinatetemeka mfululizo. Na likiingia bao, makochi hayasikiki kabisa, kwa sababu hakuna aliyeyakalia, kuna miguu tu inayotaka kutoboa sakafu. Hapo Sponji huondoa kiganja haraka na kutazama huku na huku, kama mtu aliyekutwa anachungulia chungu kisichokuwa chake. Kisha hucheka peke yake, halafu kicheko kinamwishia. Kila ushindi ulimfurahisha na kumchoma papo hapo, maana kila ushindi ulikuwa ushahidi dhidi yake.

Na ushindi ulikuja kwa fujo. Zambarau iliwafunga wakubwa, ikawafunga wadogo, ikafika fainali. Na fainali na nani? Na Machungwa, watani wa jadi, ambao tawi lao lilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Kiongozi wao alikuwa Kinyozi, kaka yake Mama Pacha, kwa hiyo Sponji alikuwa na mtani ambaye ni shemeji, au shemeji ambaye ni mtani. Mtu huyo hakumpa nafasi ya kupumua.

Asubuhi ya fainali Kinyozi alitokea mlangoni pa karakana, kavaa shati la rangi ya chungwa lililopigwa pasi mpaka linang'aa.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya huruma, "nimesikia wanavyokutesa. Mimi siwezi kukaa kimya. Njoo utazame kwetu leo."

"Kwenu?"

"Kiti cha mbele. Feni yako peke yako. Juisi baridi. Wewe ukae tu, uitazame timu yako kwa makini, usiondoe jicho hata kidogo."

Sponji alicheka mpaka misumari aliyokuwa ameibana kwa midomo ikamtoka. "Nenda zako, shemeji."

"Nitakunyoa bure mpaka uzeeke."

"Unyoe nini, huu upara?"

"Basi nitaupaka mafuta," Kinyozi akasema, akavuka barabara kurudi kwake akipiga mluzi. Sponji akabaki anatabasamu, halafu akaliangalia kwa huzuni kochi la mteja alilokuwa akilitengeneza. Hata maadui walikuwa na kiti chake. Nyumbani kwao tu ndiko kilikokuwa kitupu.

Mechi ilianza alasiri. Sponji aliziba masikio, akafungua tumbo la kochi na kuanza kung'oa springi zilizochakaa. Alijiapiza kwamba leo hagusi ukuta. Alivumilia kidogo tu, kisha kiganja chenyewe kikaenda. Makochi yaliguna. Yakaguna tena. Ukuta ukanyamaza kabisa kwa muda mrefu, akajua wamefungwa. Baadaye kabisa, wakati jasho lilishamlowesha mgongo, sakafu ikapasuka kwa miguu. Bao moja kwa moja. Sponji akauma kitambaa asipige kelele.

Muda wa kawaida ukaisha hivyo hivyo. Muda wa nyongeza nao ukapita, springi za Mwenyekiti zinatetemeka bila kupumzika. Kisha mambo yakatulia kwa namna ambayo Sponji hakuwa ameisikia msimu mzima, na kabla hajajua maana yake, mlango wa karakana ukafunguliwa. Alikuwa Breki, kikombe cha chai baridi mkononi, uso umempauka.

Sponji alitoa kipande kimoja sikioni. "Usiniambie kitu."

"Sikuambii. Nimekuja kukaa tu." Breki alijitupa juu ya gunia la mabaki. "Mimi nimeshusha lori mlimani breki zimekata, unajua. Sikuogopa. Lakini penalti, ndugu yangu, siziwezi."

"Nimekwambia usiniambie."

"Samahani. Imenitoka."

Wakakaa hivyo, mmoja ameshika nyundo, mwingine ameshika kikombe, hakuna anayemtazama mwenzake. Haikuchukua muda wakaingia kina mama wa kuitikia nyimbo, kundi zima, wakisema mle ndani hewa imekwisha. Nyuma yao wakaja vijana wa bendera, na bendera zenyewe wakaziburuta chini. Kila aliyeingia alifungua mdomo aseme, na Sponji akanyoosha kidole, naye akaufunga.

Kisha akaingia Mama Pacha na ngoma yake.

"Wewe rudi," Sponji akamwambia. "Bila ngoma wale watakosa nguvu."

"Wale wachezaji wako mji mwingine, Baba Pacha. Hawanisikii." Aliiweka ngoma chini na kusimama mbele ya mumewe. "Nina neno. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi tangu siku ile kila tukifunga nageuka kukukumbatia, nakuta hewa. Nusu fainali nimemkumbatia muuza magazeti wa watu, amekuja kuuliza njia tu. Furaha ninayo, lakini sina pa kuiweka. Simama twende ndani. Kombe lije au lisije, nataka uwe kwenye kiti chako."

Watu wote wakamtazama Sponji. Na hapa niseme ukweli, kiti kile kilimvuta. Ndicho alichokitaka msimu mzima, na sasa kimeletwa na yule yule aliyemnyima. Alinyanyuka nusu. Halafu akakaa tena.

"Siwezi," alisema. "Nikiingia tukakosa, nitawatazamaje? Watoto wenu watanionyesha kidole njiani. Mimi mwenyewe nitajionyesha. Kaeni mshinde bila mimi. Nawapenda kuliko kile kiti."

Mama Pacha akavuta kigoda. "Basi na mimi nitashindia hapa hapa," akasema, akakaa.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipotokea, na Mwenyekiti hakuwa mtu wa kutaniwa. Alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya wanachama walidakwa na mikono yake siku walipozaliwa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumpandishia sauti.

"Nyie," alisema kutoka mlangoni. "Nimegeuka kushoto hakuna mtu, nimegeuka kulia hakuna mtu. Hii timu mnamwachia nani?"

Alimwona Mama Pacha amemshika mumewe mkono. Akawaona vijana wamekaa chini wameficha nyuso kwenye bendera. Akafungua mdomo awafokee, akashindwa, akajikalisha kwenye lile kochi lililofunguliwa tumbo. Springi zikamrusha juu, akarudi, zikamrusha tena.

"Sponji," alisema akiwa bado anapandishwa na kushushwa, "tulikukosea. Mimi nimezalisha wanawake kwenye giza na mvua, sijawahi kuogopa namna hii, na nimetaka kushika mkono wa mtu nikakuta kiti chako kitupu. Acha nikae."

Mlango ukafunguka mara ya mwisho. Mwalimu. Miwani mkononi, shati limetoka nje ya suruali.

"Siwezi kulibeba jambo hili peke yangu," akasema.

Mwenyekiti akamtazama. "Peke yako? Nani amebaki mle ndani?"

Mwalimu alihesabu vichwa vya mle karakana, akahesabu tena, akavaa miwani. "Nilikuwa mimi," akasema.

"Kwa hiyo runinga inatazamwa na nani?"

"Na makochi," Breki akajibu.

Wakatazamana. Tawi zima la Zambarau, siku ya fainali, limejazana kwenye karakana kati ya magunia na mbao, na upande wa pili wa ukuta penalti zinapigwa hazina mwangalizi. Mwenyekiti akamwambia Mwalimu arudi akaangalie. Mwalimu akamwambia Breki. Breki akasema miguu imekufa ganzi. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu zote zilikuwa woga.

Ng'ambo ya barabara Machungwa wakapiga kelele. Halafu kimya. Halafu kelele tena. Walikuwa wamefunga wao, au tumekosa sisi? Mwalimu alijaribu kupiga hesabu ya kelele, akachanganyikiwa, akaomba asiulizwe tena jambo lolote la hesabu siku hiyo. Kimya kingine kikaja, na hicho hakikwisha. Walishikana mikono bila mtu kuwaambia. Sponji alijikuta katikati, mkono mmoja kwa mkewe, mwingine kwa Mwenyekiti, na alishangaa kwamba pamoja na hofu yote ile, alikuwa hajaona raha kama hiyo tangu msimu uanze.

Mlango wa chumba cha tawi ukalia. Wakasikia viatu vikitembea taratibu kati ya makochi.

"Hodi humu," sauti ikasema upande wa pili wa ukuta. "Jamani. Mmehama?"

Mama Pacha akamkaza mumewe vidole mpaka vikalia. "Kaka amevuka barabara," akanong'ona.

Na kila mtu mle ndani alijua maana yake. Matawi yale mawili yalitaniana, yalizomeana, yalifikia hata kuibiana bendera, lakini yalikuwa na desturi moja ambayo haijavunjwa na yeyote: mtani akifungwa, kiongozi wake huvuka barabara papo hapo kuwapa mkono walioshinda. Asiyefungwa havuki. Kinyozi angevuka barabara ile siku ya fainali kwa sababu moja tu duniani.

Alipochungulia karakana, shati lake lililopigwa pasi lilikuwa limekunjamana lote.

"Nimekuja kutoa mkono nakuta viti," alisema. "Mnafanya nini huku?"

"Nani kapiga ya mwisho?" Mwenyekiti akauliza.

"Mnaniuliza mimi?"

"Hatujaona."

"Nani hajaona?"

"Sote."

Kinyozi aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, kuanzia mlangoni hadi kwenye magunia. Alikuwa mtu mwenye msiba, na bado ungeona kicheko kinamtafuta usoni.

"Mmechukua kombe," alisema polepole, "na hakuna hata mmoja aliyeona."

"Sema, mwanangu," Mwenyekiti akamsihi, maana na huyu pia alikuwa amemdaka siku anazaliwa.

"Yule beki wenu wa kushoto, anayekimbia kama ana mwiba mguuni. Kipa wetu kaenda huku, mpira umekwenda kule. Haya, nimesema. Mnataka na damu yangu?"

Sijui nikuelezeje kilichofuata. Breki alipanda juu ya kochi la mteja na kochi likamkubali mpaka chini. Vijana walimfunika Mwalimu kwa bendera, akawa anashangilia humo humo gizani. Mama Pacha hakugusa ngoma. Alikuwa na mtu wa kumkumbatia, akamkumbatia mpaka miguu ya fundi ikaacha ardhi. Kinyozi alipewa mkono na kila mtu, wengine mara mbili mbili, akawa anasema inatosha jamani, inatosha.

Kisha mtu akapiga kelele kwamba wanarudia penalti, na wote wakakimbilia chumbani kwa mkupuo. Sponji alifika mlangoni akasita. Mguu ulikataa kizingiti.

"Ingia," Mwenyekiti akamwita. "Mechi imekwisha."

"Na marudio je?" Sponji akauliza. "Nisije nikayaharibu."

Ungedhani watacheka. Hawakucheka. Chumba kizima kiliingiwa na wasiwasi. Breki aliangalia kikombe chake. Mwalimu alifungua mdomo, na Mwenyekiti akamwambia, "Wewe Mwalimu, nyamaza kabisa." Lakini hata yeye aliitupia runinga jicho la shaka, kana kwamba yule beki anaweza kubadilisha mawazo.

Mama Pacha ndiye aliyekata kauli. Alimshika mumewe mkono, akampitisha safu ya kwanza, akamkalisha safu ya pili, katikati. Kwenye runinga beki alikuwa anauweka mpira chini. Akarudi nyuma. Mle chumbani hakuna aliyepumua, maana hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameliona bao lenyewe. Kwa tawi la Zambarau bao lile lilikuwa bado halijaingia, na Sponji alikuwa amekaa kwenye kiti chake akilitazama kwa macho yake mawili.

Beki akakimbia kwa ule mwendo wake wa mwiba. Akapiga. Kipa huku, mpira kule.

Waliruka wote kwa pamoja, na kelele ile ikasikika mitaa mingine, watu wakajiuliza Zambarau wamefunga tena vipi wakati mpira umekwisha. Sponji alilia waziwazi, mdomo wazi, wala hakujificha. Walimwagikia juu yake kina mama, vijana, Breki na Mwenyekiti, mpaka ukabaki unaona upara tu.

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni. Alisubiri kelele zipungue kidogo.

"Nyie mmefunga mara moja," alisema. "Mimi nimefungwa mara mbili."

Sponji alijitoa kwenye rundo la watu, akapangusa uso kwa kiganja, akasogea pembeni na kumwachia nafasi kwenye kiti chake.

"Njoo ukae, shemeji," alisema. "Wanaionyesha tena."